Bakuli la Karani

Sekela mwanangu,

Barua huanza kwa salamu, lakini mimi na wewe tumeshasalimiana leo mara tatu, na mara ya mwisho ulinicheka kwa kuwa nilikuuliza umeamkaje wakati jua limefika utosini. Basi salamu tuziache. Ninaandika saa saba mchana. Wewe na mama yako mmekwenda Itungi kumuaga shangazi yako, na ninamjua dada yangu, hatawaachilia mpaka mmekula mara mbili. Kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa barazani na daftari langu la kwaya, jasho linadondokea wino, na kuku wamejilaza chini ya migomba midomo wazi. Mwezi wa kumi wa Kyela unaujua, hauhitaji kuelezewa.

Kesho alfajiri unapanda basi la Dar es Salaam, na keshokutwa ndege. Mzazi mwenye akili zake angetumia barua hii kukuambia uvae nini, umwogope nani, upige simu lini. Mama yako amekuambia hayo wiki nzima, na aliyoyasahau shangazi yako anakuambia sasa hivi huku anakujazia sahani. Sina cha kuongeza. Wala sitakufundisha kazi. Umesomea afya ya mifugo miaka miwili, una cheti, na mwalimu wako mwenyewe ndiye aliyekuunganisha na hicho kituo cha Uarabuni kinachotunza mbwa wa watu, wenyewe wakiwa safarini. Watu wa hapa Ikolo hawajamaliza kucheka. Juzi msibani mzee mmoja aliniuliza kama ni kweli binti yangu anakwenda jangwani kuwapepea mbwa. Nilicheka naye, nikamjibu kwamba mbwa wa huko wana vitanda vizuri kuliko chake.

Lakini nilimaliza kucheka kabla yake. Ninajua kwa nini ulichagua kazi hiyo. Ninajua pia kwamba ulichokiamini hata ukaichagua ni uongo, na uongo huo niliusema mimi.

Ninataka kukuandikia juu ya Karani.

Najua umeshtuka kuliona jina lake kwa mwandiko wangu. Miaka kumi na miwili halijatajwa humu ndani. Sikulikataza kwa mdomo, ila kila lilipotaka kutajwa niliinuka nikaenda kuangalia kitu shambani, mpaka nyote mkazoea. Mtu anaweza kukataza jambo kwa mgongo wake tu, na mimi mgongo wangu umefanya kazi hiyo vizuri sana.

Nilimleta mwenyewe kutoka Njisi, kwenye kikapu cha baiskeli, akiwa kitoto cha mbwa, mdogo kama kiatu. Wewe ulikuwa darasa la kwanza. Jina alilipata siku ya kupima kokoa pale kwenye chama cha msingi, alipokwenda kukaa kando ya mizani na kulitazama kila gunia linapopanda na kushuka, kichwa kimeinama upande mmoja. Watu wakasema huyu ndiye karani tuliyekuwa tunamngoja. Jina likabaki. Ukarudi nyumbani unaliimba, Karani, Karani, kama vile ulimzaa wewe.

Na bibi yako, mama wa mama yako, unakumbuka alivyokuja kututembelea kutoka Ikombe ukamkuta mlangoni na ombi lako. Ulimwambia Karani anakunywa maji kwenye kifuniko cha ndoo na si heshima. Mwanamke yule alikuwa amefinyanga vyungu tangu hajavunja ungo, vyungu vyake vilipanda mashua kwenda soko la Matema kila wiki, na hakuna aliyewahi kumwomba chombo cha mbwa. Nilitegemea atakufukuza. Alipokuja mara ya pili alikuwa amebeba bakuli la udongo zito, pana chini ili lisipinduke, na kwenye mdomo wake amelichora vile vimistari vyake viwili vya mshazari anavyochora kwenye vyungu vya ndugu tu. Mimi nilisema ni kumdekeza mbwa. Yeye akaniambia kwa Kiswahili chake cha kukata, "Mkwe, mbwa analinda mali yako. Anywe vizuri."

Kazi yako ikawa hiyo. Kila asubuhi kabla ya shule unapampu maji, unalijaza bakuli, unalibeba kwa mikono miwili huku umetoa ulimi nje kwa juhudi. Hukuwahi kukosa. Nimejiuliza mara nyingi katika miaka hii kama kuna siku hata moja ulikosa, ili nami nipate pa kushika. Hakuna.

Sasa sakafu. Mwaka ule nilikuwa nimeijenga ile sakafu ya saruji ya kuanikia kokoa, hapo mbele ya nyumba, na nilikuwa na majivuno nayo kupita kiasi. Wenzangu walianika kwenye mikeka na maturubai, mimi nina sakafu. Nilikuwa nawapitisha wageni juu yake bila viatu asubuhi ili waone ilivyo laini. Kokoa yangu ilikauka haraka kuliko ya mtu yeyote Ikolo, na hilo lingenitosha kunifundisha kitu kuhusu joto lake, kama ningekuwa mtu wa kufundishika.

Wiki ile wezi walikuwa wamepita kwa jirani mchana kweupe wakazoa kokoa ya kwenye turubai. Karani alikuwa mlinzi wangu, lakini mlinzi mwenye akili: jua likipanda aliondoka sakafuni akaenda kulala kwenye tope la mfereji, ndani ya migomba. Alikuwa anaona kila kitu kutoka kule, mimi sikulijua hilo. Niliona mfanyakazi mtoro. Nikanunua mnyororo.

Asubuhi ile nilimfunga kwenye kile chuma nilichokichomeka pembeni ya sakafu. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimelala pale pale, kizuri, na mimi nikakiangalia nikaridhika. Nisamehe ujinga huu mwanangu, nimelima maisha yangu yote chini ya jua na sikufikiri kwamba kivuli cha asubuhi kinaondoka. Nilimfungia mnyama kwenye kivuli kama vile kivuli nacho nilikifunga.

Wewe ukaja na bakuli lako. Ukaliweka mbele yake limejaa, ukampapasa kichwani, ukaenda shule. Mama yako alikuwa Ikombe, bibi yako alikuwa anaumwa mguu. Nilibaki mimi na Karani. Nikamwaga kokoa nikaanza kuisambaza kwa reki, na Karani akanywa. Unajua alivyokuwa anakunywa, nusu tumboni nusu kwa majirani. Maji yakaruka yakalowesha ukingo wa kokoa. Na mkulima wa kokoa unamjua anavyoogopa maji: ukungu ukishika punje chache, mkaguzi wa ghala anachoma kidole kwenye gunia lako anasonya, na kila mtu kwenye foleni amesikia. Nilikasirika. Nikaliokota bakuli likiwa na maji yake, nikaenda nalo stoo, nikaliweka nyuma ya magunia. Nilijiambia nitalirudisha nikimaliza kusambaza.

Nilimaliza, nikaosha mikono, nikapanda baiskeli kwenda Njisi kuangalia miche ya mpunga kwa binamu yangu. Sikulirudisha. Sikukusudia kumtesa. Nilisahau tu, Sekela. Neno hilo lishike, nitalirudia baadaye, kwa sababu nilikubebesha wewe wakati lilikuwa langu.

Njisi nilikaa. Kulikuwa na pombe kidogo na mazungumzo mengi. Niliporudi ilikuwa saa tisa na wewe ulikuwa umeshatoka shule. Nilikukuta umemfungua Karani, umemburuta mpaka kwenye migomba peke yako, mtoto wa miaka kumi, sare yako imejaa tope. Ulikuwa umeleta ndoo ya maji unammwagia tumboni kwa viganja. Alikuwa anahema kwa nguvu mpaka mbavu zinatikisika, ulimi umekuwa rangi ya zambarau, mate mazito yamejaa mdomoni, ametapika. Alijaribu kusimama, miguu ikampotea, akaanguka upande.

Mimi nilichoona ni kichaa cha mbwa. Mwaka ule kulikuwa na mbwa mwenye kichaa aliyepita vijiji vya huku, na sote tulijua dalili zake kwa kuambiwa: mate na kuyumba. Nilikukamata mkono nikakuvuta. Ulipiga kelele kwamba si mgonjwa, ana joto tu, mwili wake unachoma. Nilikuingiza ndani nikafunga mlango kwa nje, nikachukua gongo la mti, nikasimama mbali naye. Ndoo yako ilikuwa imebaki hatua tatu tu kutoka kwake, nusu yake bado ina maji.

Ulikuja dirishani ukashika nondo. Hukulia. Ulisema taratibu, kwa lugha ya nyumbani kwanza na kisha kwa Kiswahili, kana kwamba labda lugha moja sikuielewa, "Tata, mmwagie maji. Mmwagie tu."

Sikummwagia. Nilisimama pale na gongo langu, sijui kwa muda gani. Kisha nikamwita jina, sijui kwa nini, labda kuona kama atanirukia. Akainua kichwa kidogo akanitafuta kwa macho ambayo nafikiri yalikuwa hayaoni tena, na mkia wake ukapiga chini mara moja. Mbwa mwenye kichaa hafanyi hivyo. Nilijua palepale. Nilitupa gongo, nikachukua ndoo, nikammwagia yote. Ilikuwa imechelewa. Alikufa kabla sijarudi na ndoo ya pili.

Wewe ulikuwa unaona yote kutoka dirishani, kwa hiyo sehemu hiyo unaijua. Usichokijua ni nilichokuwa nakijua mimi katika yaliyofuata.

Nilikufungulia. Ulitoka ukasimama sakafuni penye mnyororo. Nilikuwa na aibu ambayo sijawahi kuwa nayo, na mimi aibu yangu hugeuka hasira, unanijua. Nikakuuliza, "Maji yake yako wapi?"

Ukasema, "Niliweka, tata."

Nikasema, "Uliweka wapi? Nionyeshe."

Ukatazama mahali bakuli linapokaa. Hakuna kitu. Ukazunguka sakafu, ukaangalia chini ya baraza, ukaenda mpaka pampu ukarudi. Nilikuwa ninakuangalia, na ninajua bakuli liko wapi. Kwa sababu lilinirudia kichwani wakati huohuo nilipokuuliza, nikaliona nyuma ya magunia kama ninavyoiona karatasi hii. Ningeweza kusema. Hatua kumi na tano mpaka stoo. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku ile.

Ukasimama mbele yangu, ukafikiri sana, ukakunja uso, nikauona uso wa mtoto unapoacha kuyaamini macho yake mwenyewe. Ukasema, "Labda nilisahau."

Na mimi nikasema, "Basi siku nyingine usisahau."

Asubuhi yake bwana mifugo alikuja, kwa sababu majirani walikuwa wamesambaza habari ya kichaa. Alimkagua Karani, akauliza alikuwa amefungwa wapi. Nikamwonyesha. Ilikuwa saa nne tu, lakini aliinama akaweka mgongo wa kiganja chake kwenye saruji, akauondoa upesi. Akasema hiki si kichaa, hili ni jua. Mbwa hana jasho la kumpoza kama sisi, anapoa kwa kuhema, na mahali kama hapa kuhema hakumtoshi. Angekuwa juani na maji, pengine angefika jioni. Akaniuliza kama alikuwa na maji. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu umeshika shati langu.

Nikamwambia, "Mtoto alisahau."

Mkono wako ukaachia shati.

Hayo ndiyo niliyoyafanya. Nimeyaandika mara moja bila kupumzika kwa sababu nikipumzika nitaanza kutafuta maneno ya kujitetea, nayo ninayo mengi. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua. Nilikuwa mzee wa kanisa, Jumapili ile nilisimama nikasoma somo kwa sauti yangu nzuri, na wewe ulikuwa benchi la tatu.

Nilidhani utasahau, wewe ulikuwa mtoto. Lakini nikaanza kuona vitu. Ukifunga mlango wa kuku, unarudi kuujaribu. Ukizima moto jikoni, unatoka, halafu unarudi kuutazama. Mtihani wa darasa la saba mwalimu alisema ulikuwa wa mwisho kutoka kwa sababu uliyarudia majibu mpaka karatasi ikatoboka. Mama yako alikuwa anakutania, anakuita mlinzi wa zamu, na wewe ulikuwa unacheka. Mimi sikucheka. Mtoto aliyekuwa anabeba bakuli huku ametoa ulimi hakuwa anarudi kuangalia kitu. Aliweka, akaenda. Aliyerudi kuangalia nilimtengeneza mimi mchana ule.

Bakuli lilibaki stoo. Nililimwaga usiku huohuo, maji ya vuguvugu, nikalifunika kwa gunia. Sikulivunja wala sikulitupa. Sijui kwa nini. Labda nilitaka siku moja nikamatwe.

Nilikamatwa na mama yako. Ilikuwa baada ya mazishi ya bibi yako, tulipokuwa tunapanga stoo, akavuta gunia kuukuu na bakuli likatokea. Alipitisha kidole kwenye vile vimistari viwili. Akasema hiki ni chombo cha mama, kimefikaje huku? Nikaendelea kupanga magunia. Mama yako si mtu wa maswali mengi. Alikaa chini juu ya magunia na bakuli mapajani, akahesabu mambo kichwani mwake, nikaona yanavyompanda usoni moja baada ya jingine. Kisha akaniambia, "Mimi sitamwambia. Si langu. Lakini asiondoke hapa na mzigo huo."

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Ulikuwa unaanza chuo. Nilisema nitakuambia Krismasi. Krismasi ulikuja na madaftari yako, na siku moja ulipokuwa kwenye kwaya nililifungua moja, kwa ujinga tu wa mzazi anayetaka kuona kama ada inasomwa. Likafunguka kwenye ukurasa wa mbwa na joto. Mwandiko wako mzuri. Ulimi mwekundu sana au wa zambarau, mate mazito, kutapika, kuyumba. Nikaendelea kusoma nimesimama. Mwondoe juani. Mmwagie maji ya kawaida, si ya barafu, tumboni, kwapani na miguuni, kisha mpepee. Maji kwanza, safari ya kwa daktari baadaye. Usimlazimishe kunywa. Mtoto wa miaka kumi alikuwa ameyafanya karibu yote bila kufundishwa na mtu, na mtu mzima akaja akamzuia. Ungeachwa uendelee, pengine angepona. Hilo nalo ulikuwa hulijui, au ulilijua ukaninyamazia.

Na pembeni ya ukurasa, kwa penseli, ulikuwa umeandika: Karani. Sikuweka maji.

Sio labda tena. Kwa miaka kumi labda yako ilikuwa imekauka ikawa kweli.

Nililifunga daftari, na nilipokusikia unaingia nikauliza kama kwaya imekwenda vizuri. Ndivyo nilivyo. Nimekuwa mwoga wa mtoto wangu mwenyewe.

Sasa nikuambie kwa nini siwezi kukuacha uondoke na mzigo huo. Si kwa ajili ya usingizi wangu, nao nimeuzoea ulivyo. Ni kwa sababu unakwenda mahali ambapo jua la mwezi wa saba, wewe mwenyewe umenieleza, halina huruma hata saa kumi na mbili jioni, na mbwa wa pua fupi wanaweza kuanguka kwa kutembezwa tu mpaka getini. Siku moja mbwa wa mtu ataanguka. Atakuwa ameachwa ndani ya gari na mwenyewe, au mwenzako wa zamu atakuwa amefunga mlango wa chumba chenye kiyoyozi kilichozima. Mtasimama mbele ya mkubwa wenu naye atauliza ni nani. Na wewe mwanangu, mgeni, uliyefanya kila kitu na kukirudia mara mbili, utakunja uso ufikiri, halafu utasema labda nilisahau. Ninakusikia kabisa. Na patakuwa na mtu pale kama mimi, si mtu mbaya sana, anayejua bakuli liko wapi, atakayekuacha useme.

Usimsaidie. Hilo ndilo ombi langu lote. Kama umekosa kweli, sema siku ileile, mdomo ukiwa bado unatetemeka, maana kesho yake ni vigumu zaidi, na mwaka wa pili ni vigumu mno, ninakuambia kama mtu aliyejaribu. Lakini kama uliweka, uliweka. Asikutoe mtu kwenye kile ulichokiona kwa macho yako kwa sababu tu ana sauti nene na amekuzidi umri.

Na kama baada ya kusoma hapa hutaki tena kwenda kutunza mbwa, kwa kuwa deni ulilodhani unalilipa halikuwa lako, ni sawa pia. Sanduku litafunguliwa nami nitawajibu wanaocheka. Lakini sidhani. Nimekuona unavyoshika wanyama. Nafikiri kazi hiyo ungeifikia hata kama mimi ningekuwa mtu mwema.

Sikuombi unisamehe kwenye barua. Nilitaka kufanya ujanja, nikiri yote. Mpango wangu tangu wiki iliyopita ulikuwa kuifunga barua hii ndani ya kitenge chako, chini kabisa ya sanduku, uikute ukishafika huko, mbali, ambapo sitauona uso wako ukisoma. Nilishakata hata kamba ya kuifungia. Halafu leo nilipofika pale kwenye mkono wako ulioachia shati nikaona ni mchezo uleule. Ni kuficha kitu nyuma ya magunia.

Kwa hiyo utaipokea mkononi mwangu. Nimeshaingia stoo na kutoka. Hatua ni kumi na tano bado. Nimepampu maji mwenyewe, na goti langu limelalamika, na sasa nimehamia sakafuni, pembeni pale penye kile chuma, ambacho sikuwahi kukiondoa. Hakuna kivuli hapa saa hizi. Joto la saruji linapenya suruali. Nimekaa muda mfupi tu na tayari ninataka kuondoka, na mimi sina mnyororo.

Nasikia pikipiki kwenye njia ya migomba, na sauti ya mama yako anabishana na dereva kuhusu ndizi za shangazi. Mmefika. Niandike upesi.

Ndaga fijo, asante sana, kwa kila asubuhi uliyobeba maji, mwanangu. Soma taratibu. Nitakaa hapahapa mpaka umalize, na ukimaliza sema lolote, au usiseme. Bakuli hili hapa mbele yangu, njoo ulione. Vimistari vya bibi yako bado vinaonekana.

Siku ile lilikuwa hivi hivi, Sekela. Lilikuwa limejaa. Ulilijaza wewe.

Baba yako